Mama alisema haumwi

Asubuhi ya kwanza baada ya upasuaji, nesi alisimama miguuni pa kitanda akamuuliza Mama swali ambalo baadaye nilikuja kulichukia. "Mama, unaumwa? Kuanzia sifuri mpaka kumi, maumivu yako ni ngapi?" Mama alikuwa amelala chali, mto katikati ya mapaja, hajajisogeza tangu usiku wa manane. Akafikiri kidogo. "Siumwi," akasema. Nesi akamsihi ataje namba. "Haya, andika mbili." Ikaandikwa mbili.

Saa moja baadaye walikuja watu wawili wa mazoezi ya viungo kumsimamisha. Walipomshusha miguu kitandani alinikamata mkono, na kucha zake zikaniachia alama nne zilizokaa mpaka kesho yake. Hakupiga kelele. Uso ulimpauka, midomo ameibana, pumzi zinamtoka vipande vipande. Alisimama kwa sekunde kama kumi, akaomba arudishwe. Mmoja wao akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hana ari ya mazoezi.

Mbili, na hana ari. Mtu akisoma faili lile bila kumwona mwenyewe, angedhani ni bibi mvivu asiye na maumivu. Mimi nilikuwa nimesimama pale na alama za kucha mkononi, nikijua kuna kitu kimekosewa, ila nisijue ni nini.

Mama alikuwa na miaka 81. Alianguka usiku akienda msalani, akavunjika shingo ya paja, pale mfupa unapopinda kuingia kwenye nyonga. Madaktari walitoa kichwa cha mfupa wakaweka cha chuma. Upasuaji ulifanyika siku iliyofuata, na hiyo ilikuwa bahati kubwa, maana kwa mvunjiko wa namna hii upasuaji wenyewe ndio dawa ya kwanza ya maumivu. Mfupa ukiachwa unasagana kila mgonjwa anapogeuzwa, hakuna kidonge kitakachofua dafu. Kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji walimchoma sindano ya ganzi kwenye kinena, na kwa mara ya kwanza tangu aanguke nikamwona amelegeza mabega. Lakini ganzi huisha. Kwa Mama iliisha usiku, wakati sisi tumeshaambiwa tuondoke na nesi ni mmoja kwa wodi nzima.

Nimelitafakari sana lile swali la "unaumwa?" Katika Kiswahili neno hilo limebeba mizigo miwili: kuwa mgonjwa, na kusikia maumivu. Nesi aliuliza la pili, Mama akajibu la kwanza. Maisha yake yote hajawahi kukubali kwamba ni mgonjwa. Hata homa kwake huwa ni "uchovu wa jana". Na ile namba hakuitaja kwa ukaidi. Nilipomuuliza baadaye kumi yake ni ipi, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi. Kumi ni uchungu wa kumzaa kaka yangu mkubwa, uliomshika siku mbili usiku na mchana. Ukiweka nyonga iliyotiwa chuma kando ya hiyo, ni mbili kweli. Hesabu yake haikuwa na kosa.

Aliyefungua kitendawili ni nesi mmoja mtu mzima wa zamu ya usiku. Hakutaja namba. "Shikamoo Mama. Ukilala hivi, panauma?" Hapaumi. "Na ukikohoa?" Kidogo. "Na ukijigeuza?" Mama akacheka kile kicheko chake kifupi: "Nikijigeuza usiniulize, mwanangu." Nesi akageuka kwangu akaniambia maneno ambayo nayarudia kwa kila mtu mwenye mzazi wodini: mtu asiyesogea hana maumivu, na mtu asiyesogea ndiye tunayemwogopa zaidi.

Ndivyo ilivyo. Mzee aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga hutakiwa asimame siku inayofuata, na asimame kila siku baada ya hapo. Akilala tu, kifua kinajaa na nimonia inamnyemelea, damu inaweza kuganda miguuni, ngozi ya matakoni na visigino inaanza kuchubuka, na misuli ya paja inayeyuka kwa kasi ambayo usipoiona huwezi kuisadiki. Kwa hiyo maumivu ya kupima ni yale ya kugeuka, kuketi na kusimama. Namba ya mtu aliyelala kimya kama gogo haimwambii daktari lolote. Siku hiyo nilinunua daftari. Sikuandika namba hata moja. Niliandika saa, dawa aliyopewa, na alichoweza kufanya: *amekaa kitandani akahesabu mpaka mia, amesimama mara mbili, amekataa.*

Sasa nikiri kosa langu. Daktari alikuwa ameandika mofini, kiasi kidogo, apewe pale parasetamoli isipotosha. Mimi nikamwambia nesi wa mchana kwamba ile dawa kali tusimpe, itamchanganya akili. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Nilikuwa nimesikia huku na kule kwamba wazee wakipewa mofini huweweseka, na wengine huizoea wasiweze kuiacha. Nesi hakubishana nami. Mama naye, akiulizwa, alikuwa anasema haumwi. Basi akalala na parasetamoli peke yake.

Usiku wa pili aliweweseka. Alimwita dada yake aliyefariki zamani, akachomoa dripu, akataka kushuka kitandani akafungue mlango kwa sababu "watu wamesimama nje kwenye mvua". Hapakuwa na mvua. Mimi aliniita kwa jina la mjomba. Na jambo la kwanza lililotoka kinywani mwangu kwa daktari, Mungu anisamehe, ni kwamba dawa zao zimemharibu akili. Dawa ambayo hakuwa amepewa.

Daktari yule hakunifokea, ingawa nilistahili. Alifanya kitu ambacho nilikuja kukiheshimu: alitafuta sababu moja baada ya nyingine kama mtu anayepekua mifuko. Mpira wa mkojo ulikuwa umetolewa asubuhi ile na tangu hapo Mama hakuwa amekojoa. Kibofu kilikuwa kimejaa mpaka kinaonekana. Choo, siku ya tatu hakijatoka. Maji, hakunywa zaidi ya bilauri moja kutwa. Miwani ilikuwa kwenye mkoba wangu. Kifaa cha kusikia kilikuwa kwenye droo, kimefungwa ndani ya leso ili kisipotee. Mama alikuwa haoni vizuri, hasikii vizuri, mkojo umembana, na nyonga inawaka moto, halafu usiku watu wasiowajua wanamgeuza gizani. Hata mimi ningeona watu kwenye mvua.

Kisha akaniambia la mwisho: maumivu yasiyotulizwa yenyewe huvuruga akili ya mzee. Baadaye nilisoma utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003, uliofuatilia wazee waliovunjika nyonga. Waliopewa dawa kidogo mno za jamii ya mofini, chini ya kiasi kinacholingana na miligramu 10 za mofini ya sindano kwa siku, ndio waliochanganyikiwa zaidi kuliko waliopewa vya kutosha. Haina maana kwamba mofini ni maji. Ikizidi, nayo huchanganya, huleta usingizi mzito, hushusha upumuaji. Ndiyo maana kwa wazee madaktari huanza na kiasi kidogo, wakapanda taratibu, wakimtazama mgonjwa. Na dawa ya kulainisha choo huanza siku ileile inapoanza mofini, bila kusubiri choo kifunge. Kuhusu kuizoea, dawa ya siku chache baada ya upasuaji, inayopunguzwa kwa mpango, si jambo la kumnyima mama yako usingizi.

Nguzo ya yote, hata hivyo, ilikuwa ile parasetamoli niliyoidharau. Nilidhani ni dawa ya kichwa. Ikipewa kwa saa zake, bila kungoja mtu alalamike, inapunguza sana haja ya dawa kali. Mtu mzima wa kawaida hupewa gramu 1 kila saa sita, isizidi gramu 4 kwa siku. Mama ana kilo 46, kwa hiyo daktari alimpunguzia, na mwenye ugonjwa wa ini naye hupunguziwa. Shangazi alikuja na diklofenaki, kwa mapenzi kabisa, kwa kuwa ilimfaa mgongo wake. Tulikatazwa kumpa. Dawa za jamii hiyo, ibuprofeni ikiwemo, kwa mzee aliyetoka kupasuliwa zinaweza kuumiza figo, kutoboa tumbo likavuja damu, na kuuelemea moyo. Tramadoli, dawa nyingine ya maumivu, nayo daktari aliikwepa, akasema kwa umri wa Mama inaweza kumrudisha kwa wale watu wa mvua.

Akili ilirudi ndani ya siku mbili. Miwani machoni, kifaa sikioni, dirisha wazi mchana, taa zimezimwa usiku, na mmoja wetu ameketi pale akimwambia ni siku gani na yuko wapi. Mambo madogo ya kuchekesha ukiyataja, lakini mwaka 1999 daktari Sharon Inouye na wenzake walionyesha katika wagonjwa wazee 852 kwamba utaratibu wa namna hiyo, bila dawa yoyote ya ajabu, ulipunguza waliochanganyikiwa kutoka asilimia 15 hadi 9.9.

Kisha ikaja hali ambayo nusura itupite. Siku ya tano Mama alitulia. Hakuita mtu, hakulalamika, alikula vijiko vitatu akageuzia uso ukutani. Wageni wakasifu: "Mama yenu ana subira kweli." Nasi tukaitika. Hatukujua kwamba kuchanganyikiwa kuna sura mbili, ile ya makelele na hii ya ukimya, na kwamba hii ya pili ndiyo hupita bila kuonwa, kwa sababu mgonjwa mtulivu hamsumbui mtu. Wakati mwingine si hiyo wala hiyo, ni huzuni. Kwa Mama, ilipochunguzwa, alikuwa anajua siku, anajua jina la kila mtu. Akili ilikuwepo. Hamu ndiyo iliyoondoka.

Tulipofika nyumbani akasema wazi. Nilikuwa namvisha soksi. "Mngeniacha palepale sakafuni." Hakusema kwa hasira, alisema kama anayetaja bei ya kitu. Nilitaka kumkatiza na yale maneno yetu ya kila siku, usiseme hivyo, mshukuru Mungu, jipe moyo. Sijui nini kilinizuia. Nikamaliza soksi nikakaa.

Si Mama peke yake anayewaza hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 huko Australia uliwauliza wanawake 194 wenye miaka 75 na zaidi wangeonaje maisha baada ya kuvunjika nyonga vibaya na kuishia katika makao ya wazee. Asilimia 80 walisema afadhali wafe. Nilipoisoma namba hiyo nilielewa kwamba tulikuwa tukimtibu mama yetu mfupa wakati yeye anaomboleza kitu kingine.

Alikuwa anaomboleza msala. Nisikwepe, ndiyo ilivyokuwa. Mimi ni mwanawe wa kiume, na dada yangu alipokuwa kazini mimi ndiye niliyemwekea beseni la choo kitandani. Ilituchukua wiki nzima kugundua kwamba alikuwa ameacha kunywa maji kwa makusudi. Alikuwa amepiga hesabu zake: maji kidogo, mkojo kidogo, aibu kidogo. Na akikaza kutokwenda msalani hahitaji kusimama, na asiposimama hapaumi, na pasipouma hahitaji vidonge vinavyofunga choo. Mnyororo mzima ulikuwa umefungwa na haya. Kiu, choo kigumu, maumivu, kukataa mazoezi na ile huzuni vilikuwa kamba moja, nasi tulikuwa tunakata nyuzi tukiacha kamba.

Kiswahili kililijua hili kabla ya hospitali. Uchungu ni wa kuzaa na ni wa kufiwa. Maumivu ni ya goti na ni ya moyo. Mtu huumia kwa kisu na huumia kwa neno. Cicely Saunders, Mwingereza aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari, ilibidi aunde msemo katika miaka ya 1960 ili kuwafundisha wenzake kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya nafsi, ya jamaa na ya roho kwa pamoja. Na mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kama lango linaloruhusu au kuzuia habari za maumivu, na kwamba ubongo wenyewe una mkono kwenye komeo lake. Hofu hulifungua. Aibu, nadhani, hulibomoa kabisa.

Basi tukabadilisha mambo. Dada alipata kiti cha choo, kikawekwa nyuma ya pazia kando ya kitanda, na tukakubaliana kwamba mimi nitamsindikiza mpaka kwenye pazia tu. Siku ya kwanza ya pazia alikunywa bilauri nne za maji. Tukaacha pia kumwambia "twende tukafanye mazoezi", neno ambalo lilimfanya ajione mwanafunzi. Nikamuuliza anataka kwenda wapi. Akataka mlangoni, aone nani anapita. Ni hatua kumi na nne, nilizihesabu. Tukapanga hivi: kidonge kwanza, tunakaa kama dakika arobaini na tano mpaka kifanye kazi, ndipo tunasimama. Wengi huyageuza haya; mzee anatembezwa, anaumia, ndipo anapewa dawa, na mwili unajifunza kwamba kutembea ni adhabu. Baada ya kutembea tulimwekea barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika kumi na tano, mbali na mshono.

Hofu ya kuanguka ilikuwa kazi nyingine. Alikuwa anatembea ameishika fremu ya kutembelea kama mtu aliye ukingoni mwa kisima. Kumwambia "hutaanguka" hakukusaidia, na pia ni uongo. Mtaalamu wa mazoezi alimuuliza jambo mojamoja: una uhakika gani wa kuoga mwenyewe? Kufungua kabati? Kuitikia mlango kabla mgeni hajaondoka? Mtindo huo wa kuuliza ulianzishwa na Mary Tinetti mwaka 1990, na una busara yake, kwa sababu hofu ya Mama haikuwa ya kila kitu. Ilikuwa ya usiku na ya kugeuka nyuma. Tukaweka taa ndogo njiani. Kugeuka akafundishwa kwa hatua fupi fupi, bila kuzungusha kiuno juu ya mguu wenye chuma.

Huzuni haikuondoka yote. Ilipopita wiki mbili bado anaamka saa tisa usiku na hakuna kinachomfurahisha, hata wajukuu, tulirudi kwa daktari. Alimuuliza yale maswali kumi na matano ya ndiyo na hapana wanayotumia kwa wazee, akasema ni sonona na inatibika. Mimi nilikuwa nimekwenda kuomba vidonge vya usingizi; alikataa, akasema vingemwangusha tena au vimchanganye. Alianza na mazungumzo kila wiki na dawa ya sonona kwa kiasi kidogo, akipima na chumvi ya damu kwa kuwa dawa hizo huweza kuishusha kwa wazee. Ilichukua zaidi ya mwezi kuona tofauti.

Yapo maumivu ambayo hayangojei daftari. Mguu ukiuma ghafla kupita kiasi, ukaonekana mfupi au umepinda upande, huenda kiungo kimechomoka. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi zikakatika, au kifua kikachoma, huenda ni damu iliyoganda. Homa, mshono unaotoa usaha au wekundu unaopanda. Kwa yote hayo ni hospitali mara moja, hata kama ni usiku, hata kama mwenyewe anasema haumwi.

Na sisi tunaouguza? Siku moja nilimfokea. Alikuwa amekataa kusimama mara ya tatu nami sikuwa nimelala. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikamwambia dada kwa simu kwamba siwezi tena. Alikuja akakaa siku mbili, mimi nikalala. Niliporudi Mama hakulitaja. Aliuliza tu kama nimekula.

Mwezi wa tatu nilipitia lile daftari nikitafuta ukurasa mtupu wa kuandika namba ya simu ya fundi. Kurasa za mwisho nilizijua, mwandiko wangu na wa dada, saa na vidonge na hatua. Chini yake palikuwa na mistari iliyoandikwa kwa mkono unaotetemeka, herufi kubwa kubwa za mtu aliyesoma zamani:

*Saa mbili asubuhi. Wamelala. Nimefika mlangoni peke yangu. Panauma. Nimerudi.*